Kamera Iliyougua Ikapona

Bibi Josepha hakuwa na ugomvi wowote na Ujamaa. Aliniambia hivyo mwenyewe siku ya kwanza nilipokwenda kumshawishi ahamie kijiji kipya.

"Ujamaa ni kitu kizuri," alisema, akiendelea kuchambua maharage yake uwanjani. "Uendelee huko huko."

Huko huko kulikuwa ni kijiji cha Umoja, maili chache kutoka stesheni ya Tura, ambako mwaka ule wa 1974 kaya zaidi ya mia moja zilikuwa zimekwisha kuhamia na kujenga kwa safu. Mimi nilikuwa Bwana Maendeleo wa kijiji hicho, miezi mitano tu tangu nitoke Mlimani na shahada yangu ndani ya bahasha ya kaki. Niliamini kila neno nililolisema kwenye mikutano, na mengi bado nayaamini. Lakini chuoni hatukufundishwa la kufanya mbele ya bibi wa miaka sabini na kitu anayekubaliana nawe kwa kila jambo isipokuwa kuondoka.

Nyumba yake ya udongo ilikuwa peke yake katikati ya miyombo, kando ya njia ya zamani ya misafara. Kulia kwa mlango palikuwa na kaburi la mumewe, limezungushiwa mawe meupe aliyoyapanga kwa mikono yake. Majirani wote walikuwa wamehama. Yalibaki mahame yao, magofu yenye nyasi sakafuni, na yeye katikati yake akifagia uwanja kila asubuhi kana kwamba anatarajia wageni.

"Kijana, wewe kabila gani?" aliniuliza siku hiyo hiyo.

"Mzaramo, Bibi. Naitwa Mfaume. Kwetu Maneromango."

Alicheka mpaka ungo wa maharage ukamponyoka. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akikupata hakuachi.

"Basi umekuja kurudisha viatu," alisema. "Baba yangu alibeba pembe mpaka Bagamoyo. Wazaramo wakamwibia viatu vyake njiani."

"Kwani alikuwa na viatu, Bibi?"

"Angekuwa navyo, kama msingeiba."

Tangu siku hiyo nikawa nakwenda kwake mara mbili kwa wiki. Nilikwenda kumshawishi, nikarudi nimeshiba uji na matusi. Sikuwa na haraka. Niliamini mtu akieleweshwa kwa upole atakuja mwenyewe.

Kisha ikaja barua kutoka wilayani. Jumatatu ya wiki mbili zijazo lori lingepita na mgambo kuwachukua "wote waliosalia". Katika eneo letu wote waliosalia alikuwa mtu mmoja. Mimi nilikuwa nimewahi kuliona lori kama lile likifanya kazi katika kijiji kingine. Niliona milango imepakiwa pamoja na kuku, na mama mmoja amekaa juu ya kinu chake amejifunika uso, na nyuma yake vijana wakiezua paa ili asipate pa kurudi. Siku ile ya barua sikula. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi Josepha nikamweleza ukweli wote.

Hata kunitukana alisahau.

"Nyumba haibebeki," alisema mwishowe. "Na mume wangu habebeki. Lakini pale misheni Padri ana picha ya kanisa la Roma ukutani. Kanisa lenyewe liko Roma, yeye yuko hapa, na kila siku analitazama. Nipigie picha ya nyumba yangu na kaburi, vyote viwili vionekane. Nikiishika mkononi, nitafunga mzigo wangu na kutembea kwa miguu yangu mwenyewe. Kama hakuna picha, waje na lori lao. Waje na kamba pia, maana sitapanda."

"Nakuahidi, Bibi," nilisema.

Nilikuwa nimekwisha fika nusu ya njia ya kurudi nilipokumbuka kwamba sina kamera, na kwamba wapiga picha wa Tabora mjini hawatoki studio zao kwenda porini kupiga picha nyumba ya udongo.

Bahati yangu ni kwamba kijiji kilikuwa na fedha ya asali. Mavuno ya kwanza ya mizinga ya pamoja yalikuwa yameuzwa, na mikutano mitatu ilikuwa imeshindwa kuamua kama tununue redio au kamera. Katika mkutano wa nne nilisimama nikahutubu kwa dakika arobaini. Nilisema redio inatuletea sauti za wengine, lakini kamera itaonyesha sura zetu wenyewe. Nilisema mali ya kijiji ni ya kila mtu, kwa hiyo kila mtu ataifaidi sawa na mwenziwe. Watu walipiga makofi sana kwa hilo la mwisho. Ningejua wamelielewa vizuri kiasi gani, ningelisema kwa sauti ndogo.

Tukachaguliwa watatu kwenda Tabora. Wa kwanza mimi. Wa pili Mzee Shilinde, mkuu wa warina asali, mrefu, mwembamba, ananukia moshi hata akitoka kuoga. Wa tatu mama Flavia, mtunza hazina, ambaye kabla ya kuolewa alikuwa mhudumu katika hospitali ya Kitete, na tangu hapo anaitazama dunia yote kama wodi.

Duka la Gulamali lilikuwa mtaa wa soko, na ndani yake mlikuwa na saa, cherehani, taa za karabai na kabati moja la kioo lenye kamera tatu. Gulamali alikuwa mzee mwenye miwani minene, mzaliwa wa Tabora.

"Karibuni, karibuni. Babu yangu alikuja mji huu kwa miguu kutoka pwani," alituambia kabla hatujauliza kitu, nadhani ili tusimwone mgeni.

"Najua," alisema Mzee Shilinde. "Mbele yake alitangulia babu yangu, amebeba sanduku lake kichwani."

"Basi sisi ndugu."

"Ndugu, lakini mizigo ilibebwa na upande mmoja."

Gulamali alicheka, akafungua kabati na kuzipanga kamera juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya Kijapani, imelala ndani ya boksi lake kama mtoto mchanga. Ya pili ilikuwa na macho mawili, moja juu ya jingine. Ilikuwa imekufa, akasema, na fundi wake Navin aliyekaa pale nyuma akiwa na bisibisi mdomoni alikuwa ameifungua yote na kuiunda upya kwa vipuri vya kamera nyingine mbili. Ya tatu ilikuwa ya zamani, ya kukunjuka kama kinanda, ambayo bwana stesheni mmoja aliitumia miaka ishirini kisha akaiuza alipostaafu.

"Mpya, iliyofufuliwa, na iliyotumika," alisema Gulamali. "Tazameni bure."

Sikuhitaji kutazama. Niliweka mkono juu ya boksi la mpya. "Ndugu zangu," nilisema, "mkulima wa nchi hii ameishi miaka yote kwa makombo. Amevaa nguo zilizovaliwa na wengine, amesomea vitabu vilivyochanwa na wengine. Leo, kwa jasho lake mwenyewe, kwa nini asishike kitu ambacho hakijashikwa na mtu?"

"Hotuba nzuri," alisema mama Flavia. "Ina filamu?"

Gulamali alikohoa. "Filamu ya hiyo, mama, haijaletwa tangu mwaka jana. Wanasema meli iko njiani."

"Bwana Maendeleo, unataka kutununulia boksi?"

"Filamu itakuja," nilisema. "Tuwe na subira."

"Lori nalo litasubiri?"

Wakati huo Mzee Shilinde alikuwa amechukua kamera moja moja na kuipeleka puani. Aliinusa mpya, akakunja uso. Aliinusa ya zamani, akafumba macho.

"Hii," alisema. "Hii ndiyo."

"Kwa nini, Mzee?"

"Wewe umesoma, lakini hujawahi kutundika mzinga. Mzinga mpya unaweza kukaa mtini mwaka mzima. Nyuki wanapita, wanauchungulia, wanakwenda zao. Lakini mzinga uliokwisha kuingiwa, wenye harufu ya nta, ukiutundika leo, baada ya wiki umejaa. Hii mpya hata picha moja haijawahi kuingia. Zitaingiaje? Njia zinaijua? Ila hii kongwe, picha zimeingia na kutoka miaka ishirini. Ukiifungua tu zinakuja zenyewe."

Nilitaka kumweleza habari za mwanga. Nilianza hata kuchora kwenye karatasi. Mama Flavia alikuwa ameikunjua ile ya zamani na kuiinua kuelekea mlangoni.

"Naona barabara kupitia ubavuni mwake," alisema. "Ina tundu."

"Mzinga lazima uwe na tundu," alisema Mzee Shilinde.

Mama Flavia aliiweka chini taratibu, kama anavyomlaza mgonjwa asiye na matumaini. "Mimi nilifanya kazi wodini miaka sita," alisema. "Wakati wa ndui, unajua tulimpeleka nani kuwahudumia wagonjwa? Si yule mzima ambaye hajawahi kuugua, huyo ndiye wa kwanza kuanguka. Wala si yule anayeumwa bado. Tulimpeleka aliyeugua ndui akapona. Huyo haumwi tena. Sasa hii mpya haijaugua, hatujui siku ikiugua itakuwaje. Hiyo kongwe inaumwa mpaka sasa, inavuja. Hii ya macho mawili imeugua ikapona." Kisha akamgeukia Gulamali. "Baba, mpya ikiharibika inatengenezwa wapi?"

"Tunaipeleka Dar. Dar wanaipeleka Nairobi. Nairobi…" Gulamali alionyesha kwa mkono mahali mbali sana, pengine Japani.

"Na hii?"

"Ya Navin? Anatengeneza Navin. Ameiona matumbo yote."

"Basi," alisema mama Flavia. "Tununue ile ambayo kuna mtu anaijua."

Tulikuwa watatu na kila mmoja alikuwa na kamera yake. Nilipendekeza kura. Ikawa moja, moja na moja. Nikamwomba Gulamali, kama mwananchi mwenzetu, apige ya nne.

Alivua miwani, akaifuta, na niliona kwamba ombi lile limemgusa. "Asante," alisema. "Lakini mimi ndiye muuzaji. Muuzaji akipiga kura, hiyo si kura, ni bei."

Mama Flavia akamvuta Mzee Shilinde pembeni. "Baba, fikiri. Hii ya Navin ina vipuri vya kamera tatu. Maana yake imeingiwa mara tatu."

Mzee Shilinde aliichukua tena, akainusa jicho la juu, akainusa jicho la chini, akainusa mgongo. "Kweli," alisema kwa mshangao. "Harufu ni tatu." Akahamisha kura yake. Nilishindwa mbili kwa moja, kwa utaratibu ambao mimi mwenyewe niliwafundisha.

Navin aliitoa bisibisi mdomoni kwa mara ya kwanza. "Bwana, sikiliza," aliniambia. "Jicho la juu la kutazamia, la chini la kupigia. Hili la juu nimelitoa kwenye kamera nyingine, halikukaa sawa kabisa. Ukiona vizuri huku juu, la chini bado linatazama chini. Kwa hiyo ukishalenga, inua pua yake kidogo, ndipo upige. Usisahau."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nilisoma fizikia mpaka kidato cha sita.

Tulirudi Tura kwa treni Alhamisi. Ijumaa ilikuwa siku ya picha, kwa sababu jioni yake mama Flavia angepanda treni kurudisha filamu kwa Gulamali isafishwe, na kurudi Jumapili na picha mkononi. Jumatatu ni lori. Filamu ilikuwa moja, ya picha kumi na mbili.

Bibi Josepha alikuwa amefagia uwanja mara mbili na kuyaosha mawe ya kaburi. Alikataa katakata kusimama nje.

"Nyumba isiyo na mtu ndani ni gofu," alisema. "Nitakaa ndani niwashe moto. Picha ionyeshe moshi."

"Bibi, huoni itapendeza nawe ukiwemo?"

"Sura yangu nakwenda nayo, Mzaramo. Piga nyumba." Akaingia, akafunga mlango, na muda si mrefu moshi ukaanza kupenya kwenye nyasi za paa, mzuri, mwembamba. Nilisimamisha kamera juu ya stendi yake ya miguu mitatu, nikainama kutazama. Nyumba ilitulia ndani ya kioo kidogo, ikiwa na kaburi ubavuni. Nilihisi kama nataka kulia.

Ndipo nikasikia nyimbo.

Walikuja kwa njia ya zamani ya misafara, kijiji kizima, wamevaa nguo za Jumapili siku ya Ijumaa. Walikuwapo wazee waliovaa makoti, na wanawake wenye khanga mpya, na mtu mmoja aliyekuja na baiskeli yake ili nayo ionekane. Mbele yao alitembea Mzee Shilinde, amekumbatia kibuyu cha asali.

"Jamani," nilisema, "leo tunapiga picha ya nyumba tu. Nyumba na kaburi."

"Hapana neno, piga," alisema Mzee Shilinde, akipita mbele ya kamera na kujisimamisha. Wengine wakamfuata.

"Mzee, mnaziba!"

"Tunaziba nini? Bwana Maendeleo, wewe ulituambia nini kwenye mkutano? Mali ya kijiji ni ya kila mtu, kila mtu ataifaidi sawa na mwenziwe. Humo ndani mna asali ya mizinga yangu kumi na minne. Mna asali ya huyu, na ya huyu, na ya yule mwenye baiskeli. Utatoaje picha ya kijiji asiwemo hata mwanakijiji mmoja?"

"Ndiyo!" walisema watu wote. Sijawahi kuona azimio likipita haraka namna ile.

"Lakini nilikusudia…"

"Au ulikuwa unasema tu?"

Hilo lilinichoma. Sikuwa nikisema tu. Niliwaomba basi wasimame pembeni, nusu kushoto na nusu kulia, ili nyumba ionekane katikati. Walikubali kwa moyo mkunjufu. Nikainama. Nilipohesabu moja, njia ilikuwa wazi. Nilipohesabu mbili, wa pembeni kabisa waliona wako mbali na picha wakasogea hatua moja. Wa ndani nao wakasogezwa. Nilipohesabu tatu walikuwa wamekutana katikati kama milango miwili ya kanisa.

Niliwapanga upya mara kumi na moja. Nilimwambia mama Flavia anisaidie, naye alinisaidia kweli kwa picha mbili, kisha khanga yake mpya ikamshinda akaenda kusimama mstari wa mbele. Katika picha ya mwisho, ndani ya kile kioo cha juu niliona paa lote likiwa juu ya vichwa vyao, na moshi, na nikajipa moyo kwamba angalau paa limepatikana. Nikapiga. Kuhusu kuinua pua ya kamera, nilikumbuka nilipokuwa nimekwisha ifunga ndani ya mkoba wake.

"Umemaliza, Mzaramo?" Bibi aliuliza kutoka ndani, akikohoa. "Mbona kelele nyingi?"

"Watu walikuja kusalimia, Bibi."

"Waambie marahaba."

Jumapili mchana nilikuwa stesheni saa mbili kabla ya treni. Mama Flavia alishuka behewa la mwisho na hakunitazama usoni.

"Zimetoka?" nilimwuliza.

"Zimetoka. Sote tumetoka vizuri sana."

"Na nyumba?"

"Bwana Maendeleo, kwanza tazama hii khanga ilivyotoka."

Niliitazama. Maua yote yalionekana. Kwa jumla zilikuwa picha kumi na mbili za watu wenye furaha, kutoka ukingo mpaka ukingo, na juu ya vichwa vyao hapakubaki nafasi hata ya unyasi mmoja. Katika ile iliyo bora, kati ya bega la mama Flavia na usukani wa baiskeli, palionekana kipande cha mlango kiasi cha ukucha. Kaburi nalo lilionekana, yaani mawe matatu ya mbele. Juu ya mawe hayo ulikuwa mguu wa kulia wa Mzee Shilinde.

Tulitembea kwenda kwa Bibi. Nilifikiria kumdanganya kwamba filamu iliungua. Nilifikiria kulala pale barabarani mbele ya lori. Nilijiona jinsi nilivyokuwa, mtu aliyeahidi kitu kimoja kidogo kwa bibi mmoja akashindwa kukitimiza akiwa na shahada, kamera na kijiji kizima cha wasaidizi. Mzigo wake ulikuwa umekwisha fungwa. Ulikuwa kwenye kizingiti, sufuria mbili na blanketi, na yeye amekaa kando yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Lete."

Nilimpa ile bora. Aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Nilisikia njiwa mmoja mitini na hakuna kingine.

"Nyumba yangu iko wapi?"

"Iko nyuma yao, Bibi."

"Nyuma ya nani?"

"Ya hawa."

"Hawa nani?" Akaisogeza karibu zaidi, na ndipo alipoanza kuwatambua. "Huyu si Dionis? Aliondoka hapa na ungo wangu. Na huyu na baiskeli, ameegemeza baiskeli kwenye ukuta wangu! Na huyu? Flavia, wewe! Nilikuzalisha watoto wawili, leo unaniziba mlango kwa khanga?"

"Nisamehe, mama," alisema mama Flavia kwa sauti ndogo.

"Wewe umeomba radhi, kaa hapo." Kidole chake kikaendelea taratibu, kikafika ukingo wa kulia, kikasimama. "Na huyu mrefu aliyekumbatia kibuyu. Huyu ni Shilinde."

"Ndiye, Bibi."

"Amekanyaga nini?"

Aliinuka. Nilidhani ataichana ile picha, na nisingemlaumu. Badala yake aliikunja kwenye upindo wa kitenge chake, akajitwika mzigo kichwani, akachukua fimbo.

"Anakaa wapi huyo?"

"Nani, Bibi?"

"Shilinde! Huko kwenu mmejenga nyumba kama mabehewa, nitaijuaje yake?"

"Safu ya pili," nilisema, nikikimbia nyuma yake, "nyumba ya tano. Bibi, unakwenda sasa hivi?"

"Nimesubiri mpaka mume wangu akanyagwe, nisubiri na nini tena?"

Alitembea njia yote bila kupumzika. Kwa kila aliyekutana naye aliitoa picha, akamtafuta ndani yake, na kama yumo alimpa haki yake hapo hapo. Tulipofika Umoja alikuwa na watu thelathini nyuma yake, wote wamekwisha tukanwa na wote wana hamu ya kuona zamu ya Mzee Shilinde.

Mzee alikuwa barazani akisuka kamba ya mzinga.

"Shilinde! Ulikanyaga kaburi la mume wangu!"

Mzee aliitazama picha. Aliitazama muda mrefu, na niliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Nilijua anataka kuomba radhi. Mdomo ulikuwa umekwisha funguka. Kisha akaliona blanketi, na sufuria mbili, na fimbo, akanitazama mimi, akafunga mdomo.

"Sikukanyaga," alisema. "Ni kamera. Imeusogeza mguu."

"Mwongo mkubwa! Omba radhi!"

"Siombi."

"Basi mimi siondoki hapa mpaka uombe!"

"Kaa utakavyo. Nyumba ya jirani haina mtu."

Ilikuwa nyumba tuliyomjengea Bibi miezi mitatu kabla, ambayo hakuwahi kukubali hata kuitazama. Aliingia akaubwaga mzigo wake katikati ya sakafu kwa kishindo, ili Mzee Shilinde asikie.

Jumatatu lori lilikuta uwanja uliofagiwa na mlango uliofungwa, likaja mpaka Umoja. Karani wa wilaya alishuka na orodha yake.

"Wewe ndiye Josepha? Umehamia lini?"

"Sijahama," alisema Bibi. "Nasubiri."

Karani alitafuta safu ya kuandika jibu hilo. Alinitazama. Nadhani uso wangu ulikuwa unamwomba waziwazi, maana aliguna, akaandika "yupo", akapanda lori.

Sasa ni mwezi wa saba tangu siku hiyo. Nimemwambia Bibi mara mbili kwamba kuna filamu mpya, na kwamba safari hii nitakwenda peke yangu na kuinua pua ya kamera. Anasema bado hajamaliza na picha hii. Mama Flavia ndiye mpiga picha wa kijiji siku hizi, na kamera haijaugua tena. Mzee Shilinde alinijia siku moja shambani, amekonda kwa mawazo, akaniuliza kama ni dhambi kumnyima mjane radhi anayostahili. Nilimwambia kwamba Jumamosi mimi na yeye tutakwenda kupalilia lile kaburi, bila kumwambia mtu, na tulikwenda, na tumeendelea kwenda.

Lakini kuhusu radhi, kamati ya kijiji ilikwisha kaa na kumsihi, kwa kauli moja, asiombe. Kwa hiyo kila alfajiri, kabla jembe halijashikwa, tunaisikia sauti ya Bibi Josepha ikipenya ukutani.

"Shilinde! Umeomba radhi?"

"Sijaomba!"

"Basi bado nipo!"